Vanila ya La Réunion na Mikono Inayoilea

Wageni wengi hukifuata kisiwa cha La Réunion kwa ajili ya moto na miamba yake. Hutaka kuiona Piton de la Fournaise, volkano isiyokaa kimya muda mrefu, na kutembea kwa miguu katika mabonde makuu ya Mafate, Cilaos na Salazie, ambayo mwaka 2010 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na vilele na kuta za mawe zinazoyazunguka. Siwalaumu. Lakini mtu akiniuliza ni kitu gani kisiwani humo kinachostahili kutazamwa bila haraka, nitamwelekeza pwani ya mashariki, mwezi wa Oktoba au Novemba, saa moja na nusu asubuhi, akamtazame mwanamke aliyesimama mbele ya ua la vanila na mwiba mkononi. Kazi yake kwa kila ua huisha kabla hujahesabu hadi kumi. Hakuna mashine iliyoweza kuichukua kazi hiyo, na tangu mwaka 1841 mashamba ya vanila ya dunia nzima yanaifuata namna ileile.

La Réunion ni mkoa wa Ufaransa uliomo Bahari ya Hindi, kiasi cha kilomita 700 mashariki ya Madagaska, ilhali Paris iko zaidi ya kilomita 9,000 kutoka hapo. Watu wake wanakaribia 900,000. Hutumia yuro, hupeleka wabunge Paris, na majumbani huzungumza Krioli. Kwa eneo, kisiwa kinakaribia Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja, kama kilomita za mraba 2,500, ila katikati ardhi inapanda ghafla hadi kilele cha Piton des Neiges, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Mlima huo ndio unaogawa riziki. Pepo za kusini-mashariki huja na mawingu, mawingu yakagonga mlima, na maji yote yakamwagika upande wa mashariki. Magharibi wamebaki na jua, fukwe za Saint-Gilles na L'Ermitage, mahoteli na watalii wa kuogelea. Mashariki wamepata mvua, na mvua ya huko si ya mchezo: Januari 1980 kimbunga Hyacinthe kilimwaga zaidi ya milimita 6,000 ndani ya siku 15 pale Commerson, rekodi ya dunia kwa muda huo.

Vanila hutaka mashariki hiyo yenye unyevu, kuanzia Sainte-Suzanne, kupita Saint-André, Bras-Panon, Saint-Benoît na Sainte-Rose, hadi Saint-Philippe kwenye kona ya kusini ambako mito ya lava hushuka kutoka kwenye volkano mpaka baharini. Haitaki shamba tupu. Ni okidi, mmea utambaao, unaohitaji mti wa kuushika na kivuli kisichokuwa kizito wala chepesi mno. Wakulima huipandisha juu ya mivinje na mikadi, miti ambayo msomaji wa pwani yetu anaijua vizuri, na mizizi yake huitandazia majani yanayooza taratibu. Huko Saint-Philippe wapo wanaoilea msituni, mahali ambapo chini ya tabaka jembamba la majani makavu kuna jiwe la lava na si kitu kingine. Nje ya msitu, kote mashariki, ni miwa: sukari ndiyo mfalme wa kilimo cha kisiwa, ingawa viwanda vikubwa vilivyobaki ni viwili tu, Bois-Rouge kule Saint-André na Le Gol kule Saint-Louis. Muwa unapewa ardhi, barabara, malori na ruzuku. Vanila inajificha nyuma yake, na asiyeonyeshwa anaweza kupita bila kujua kwamba ipo.

Mmea huu si wa kwao. Asili yake ni Meksiko, ambako Watotonaki wa pwani ya mashariki waliutunza karne nyingi kabla Wahispania hawajaonja chochote. Vipandikizi vililetwa La Réunion, wakati huo ikiitwa Bourbon, kati ya mwaka 1819 na 1822, vingine kutoka Guyana, vingine kutoka bustani ya mimea ya Paris. Vilishika. Vikapanda miti, vikatoa majani manene ya kijani na hata maua. Matunda hayakuonekana. Kwa karibu miaka 20 wenye mashamba walikuwa na mmea mzuri usiozaa.

Sababu imo ndani ya ua lenyewe. Kwa kawaida ya maua mengi, vanila ina sehemu ya kiume na ya kike katika ua moja, ila kati yake umesimama utando mdogo unaozuia chavua kuifikia stigma, yaani ile sehemu ya kike inayoipokea. Kule Meksiko wapo wadudu wa kukipita kizuizi hicho, na nyuki wadogo wasiouma ndio wanaotajwa zaidi. Bourbon hawakuwepo. Ua hufunguka alfajiri, rangi yake njano iliyochanganyika na kijani, na kabla ya jioni limekwisha nyauka. Likipita bila kuguswa, hudondoka. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, alifanikiwa kuzalisha vanila kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo huko Liège, lakini njia yake haikufika mashambani wala haikumfaa mtu mwenye maelfu ya maua ya kushughulikia.

Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa mtoto wa miaka 12, mtumwa, kule Sainte-Suzanne. Jina lake Edmond. Alizaliwa mwaka 1829, mama yake Mélise akafariki wakati wa uzazi, naye akakulia katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont, mtu aliyependa mimea kuliko biashara. Edmond alimfuata bwana huyo bustanini kila siku, akijifunza majina na tabia za mimea kwa kutazama, kwa kuwa kusoma hakufundishwa. Bellier-Beaumont mwenyewe aliandika baadaye kwamba alikuwa amemwonyesha namna ya kuunganisha ua dume na ua jike la mmea wa jamii ya maboga, ambao pale kisiwani uliitwa jolifiat. Wataalamu wa mimea wa enzi hiyo waliuita mkweme wetu, huu wa pwani ya Afrika Mashariki wenye kokwa za mafuta, kwa jina la Joliffia. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja, naona uwezekano mkubwa kwamba somo la kwanza la mtoto yule lilitoka kwenye mmea wa kwetu.

Asubuhi moja ya mwaka 1841 Bellier-Beaumont alikuwa akitembea bustanini pamoja na Edmond, akaona ganda linaning'inia kwenye mmea wa vanila ambao haukuwahi kuzaa tangu upandwe. Edmond akamwambia kwamba ni yeye aliyelifanya. Bwana hakusadiki. Siku chache baadaye likaonekana ganda jingine, Edmond akarudia maneno yaleyale, ndipo alipotakiwa aonyeshe. Akalishika ua, akaurudisha nyuma mdomo wake kwa kijiti chembamba, akauinua ule utando, akabana kwa kidole gumba. Ndiyo hayo tu. Wenye mashamba wengine wakaitwa waje kuona, kisha Edmond akapelekwa huku na huko kisiwani kuwafundisha watumwa wenzake.

Napenda kusimama hapa kidogo, maana habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni bahati ya mtoto mchezaji. Mimi siamini bahati ya namna hiyo. Ili ulijue ua la vanila ni lazima ulifungue polepole, uone kilichofichwa, uelewe nini kinazuia nini, kisha ubuni msogeo wa mkono usioharibu chochote. Hayo ni masomo ya mtu aliyetazama kwa muda mrefu, tena akiwa katika hali ambayo hata mwili wake haukuwa mali yake. Kisiwa kile kilijengwa na watu walioletwa kwa nguvu kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Katika watu hao na vizazi vyao ndimo ulimotoka ujuzi huu.

Utumwa ulikomeshwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Edmond akaandikishwa jina la ukoo, Albius. Uhuru haukumletea mali. Alikwenda mjini Saint-Denis, akafanya kazi za jikoni, akahukumiwa kifungo kwa kesi ya wizi wa vito, na akaachiwa kabla ya muda kwisha, kwa sababu wapo waliokumbusha serikali kile ambacho kisiwa kilikuwa kinamdai. Mtaalamu wa mimea Jean Michel Claude Richard alidai kwamba ni yeye aliyeleta njia ile; Bellier-Beaumont akaandika kumkatalia na kumtetea Edmond. Edmond Albius alifariki mwaka 1880, maskini, Sainte-Suzanne kulekule alikozaliwa, wakati vanila ikiwatajirisha wengine.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Anayeozesha maua, kama wasemavyo huko, hutoka mapema kabla jua halijawa kali, kwa kuwa joto likizidi chavua hukauka na ua huanza kulegea. Chombo chake ni mwiba wa mlimau, au kijiti cha mwanzi kilichochongwa, au sindano butu. Mkono wa kushoto hulishika ua kwa nyuma, vidole vikilitegemeza bila kulibana. Mkono wa kulia huchana kidogo ule mdomo wa ua na kuufunua. Mwiba huingia chini ya utando na kuuinua. Hapo kidole gumba cha kushoto husogea mbele, kikaishusha chavua juu ya stigma na kuigandamiza mara moja. Mwiba hutolewa, na mtu huyo keshalitazama ua jingine. Mkono uliozoea huweza kuyashughulikia maua 1,000 na zaidi kwa asubuhi moja.

Ukimtazama mara ya kwanza utaona wepesi. Ukimtazama kwa muda utaona kwamba wepesi huo umejaa maamuzi. Maua ya vanila hutoka kwa vishada, na kishada kimoja kinaweza kubeba maua 15 hadi 20, lakini hayafunguki pamoja: leo moja, kesho moja au mawili, hivyo hivyo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kila mmea hutembelewa kila asubuhi msimu mzima, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Tena hayaozeshwi yote. Anayejua kazi huchagua manane au kumi kwa kishada, akapendelea yale ya upande wa chini ili maganda yaning'inie wima yasipinde. Akishapata idadi hiyo, yanayobaki huyaacha yadondoke. Tamaa hapa huadhibiwa mwaka unaofuata, kwa kuwa mmea uliobebeshwa kupita kiasi huchoka, huugua, na wakati mwingine hufa. Jambo hili la kujizuia ndilo linalonifanya niiheshimu kazi hii kuliko ile kasi ya vidole.

Matokeo huonekana upesi. Kesho yake, ua lililokosewa limeanguka. Lililopata hubaki limeshika, na nyuma yake kikonyo huanza kurefuka. Katika wiki sita hivi ganda limefikia urefu wake wote. Mgeni akiliona hudhani limekuwa tayari. Bado. Litakaa juu ya mmea miezi tisa, likijaza ndani kile ambacho hakionekani. Katika miezi hiyo wezi hulitamani, na wakulima wana desturi ya kulitia alama likiwa bado changa: kipande cha kizibo kilichopachikwa vichwa vya pini kwa mpangilio wa mwenye shamba, kikagandamizwa kwenye ngozi ya ganda. Kovu hilo halifutiki. Hata ganda likishakauka na kuwa jeusi, mwenyewe akilishika atalitambua.

Kabla ya hapo kuna kazi nyingine nisizotaka kuzipita, ingawa hazina mvuto wa picha. Mmea huchukua miaka mitatu hivi toka kupandikizwa hadi maua ya kwanza. Ukiachwa wenyewe utapanda mpaka juu kabisa ya mti, ambako hakuna mkono utakaoufikia, kwa hiyo mkulima huushusha kila mara, akauzungusha kwenye matawi kwa kimo cha kifua, na kuzirudisha ncha zake chini ziguse udongo zitoe mizizi mipya. Hupunguza kivuli panapokuwa na giza, hukiongeza panapounguza. Fangasi aozeshaye mizizi anaweza kumaliza shamba lote, na dawa bora dhidi yake ni jicho la mwenye shamba. Halafu kuna vimbunga. Tarehe 28 Februari 2025 Garance alikipiga kisiwa, hasa kaskazini na mashariki, huko huko kwenye vanila. Mti wa kuegemea ukianguka, vanila huanguka nao.

Uvunaji hauna siku moja. Ganda huchumwa linapoanza kugeuka njano kwenye ncha, na kila moja lina siku yake, hata lile la kishada kimoja na mwenzake. Likichumwa mapema, harufu haitakuja kamwe na ukungu utalipenda. Likichelewa, litapasuka na bei yake itashuka. Hapa tena ni kupita na kurudi, kupita na kurudi. Na baada ya subira yote hiyo, ukilinusa ganda bichi hutapata kitu zaidi ya harufu ya jani.

Harufu hutengenezwa baadaye, kwa mikono mingine. Njia ya kutumia maji ya moto ilianzishwa Saint-André na Ernest Loupy mwanzoni mwa miaka ya 1850, na ndiyo inayofuatwa hadi leo kisiwani na kwa majirani. Maganda huwekwa katika kikapu na kuzamishwa kwenye maji yenye joto la nyuzi 63 hadi 65, dakika tatu hivi. Joto hilo huuzima uhai wa ganda bila kuuharibu utendaji wa ndani. Likizidi, vimeng'enya vinavyotakiwa kufanya kazi hufa. Likipungua, ganda litaendelea kuiva na kupasuka. Wapo wazee wa kazi waliojua joto hilo kwa kuchovya kidole.

Yakitoka majini hufungwa moto moto ndani ya mablanketi ya sufu na kufungiwa sandukuni, yavundikwe usiku kucha. Akina mama zetu wanaovundika ndizi wataelewa mara moja kinachoendelea humo, isipokuwa hapa kinachotafutwa si utamu wa tunda bali rangi na harufu. Ndani ya ganda bichi vanilini, kiini cha harufu hiyo, imefungwa pamoja na sukari. Joto na jasho huviachanisha. Sanduku likifunguliwa asubuhi, yaliyoingia kijani yametoka na rangi ya chokoleti.

Kisha huja jua, kwa kipimo. Maganda hutandazwa juu ya mablanketi saa chache kwa siku, yakafunikwa na kurudishwa ndani kabla joto halijapotea, kwa wiki moja au zaidi kulingana na hali ya hewa. Mashariki ile yenye mvua hali ya hewa haina ahadi, kwa hiyo jicho moja huwa juu ya maganda na jingine juu ya mawingu. Baada ya jua hupelekwa kivulini, kwenye chanja za mbao, yakauke taratibu miezi miwili hadi mitatu. Kila ganda hushikwa tena na tena. Mfanyakazi hulipitisha kati ya vidole, akalinyoosha, akalizungusha kidoleni kuona kama linakubali kupinda bila kuvunjika. Lililofikia kiasi chake huondolewa. La jirani yake, lililochumwa siku ileile, huachwa wiki nyingine mbili. Hakuna saa wala mizani inayotoa uamuzi huo. Unatoka kwenye ncha za vidole, na watu walioifanya kazi hii maisha yao yote hawakosei mara nyingi.

Hatua ya mwisho ni masanduku ya mbao yaliyotandikwa karatasi ndani. Humo vanila hukaa miezi minane na zaidi, gizani, harufu ikikua na kutulia. Masanduku hufunguliwa mara kwa mara na kunuswa, kwa sababu ganda moja lenye ukungu linaweza kuambukiza sanduku zima. Maganda bora kabisa wakati mwingine huota fuwele nyeupe nyembamba juu ya ngozi. Ni vanilini yenyewe imejitokeza nje. Yakitoka hupimwa urefu moja moja, hupangwa kwa daraja na kufungwa matita kwa ukili wa rafia. Kwa kilo moja ya vanila iliyokamilika, zilihitajika kilo tano au sita za maganda mabichi. Ukijumlisha tangu ua hadi tita, umekaribia miaka miwili. Ukianza na kipandikizi, mitano.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza nafasi ya vanila katika uchumi wa mkoa. La Réunion hulipa mishahara ya Ufaransa, na kazi ya vidole haiwezi kushindana kwa bei na Madagaska, ambako vipandikizi vilipelekwa katika karne ya 19 na ambako leo hutoka sehemu kubwa ya vanila ya dunia. Kisiwa kilichoipa dunia mbinu kimebaki na mavuno madogo. Kwa upande mwingine kuna viwanda vya kemia: Wajerumani walitengeneza vanilini maabara mwaka 1874, na ladha nyingi tunayoiita vanila katika aiskrimu na biskuti haijawahi kuliona ua. Ni jambo la kusikitisha kwamba watoto wengi watakua bila kuijua harufu halisi, iliyo pana kuliko vanilini peke yake.

Kilichoinusuru vanila ya La Réunion ni ubora na mgeni anayeifuata pale pale ilipo. Mwaka 2021 ilipewa na Umoja wa Ulaya hifadhi ya jina la mahali, kwa hiyo anayeandika jina la kisiwa kwenye bidhaa yake lazima awe ameilima na kuikausha humo humo kwa masharti yaliyowekwa. Kule Bras-Panon ushirika wa Provanille hupokea maganda ya wakulima wadogo na kuyaandaa. Sainte-Suzanne, kwenye shamba la kale la Grand Hazier, ipo Vanilleraie, na Saint-André ipo nyumba ya Roulof; zote hufungua milango kwa watalii. Mgeni huona masanduku, hunusa, huelezwa, kisha hununua ganda moja kwa bei ambayo ng'ambo angeiona wazimu, na analipa kwa furaha kwa kuwa sasa anajua amelipia nini. Huu nauona ni utalii wenye adabu, ambamo fedha ya mgeni inaendeleza kazi badala ya kuigeuza maonyesho. Akitoka hapo anaweza kula bata aliyepikwa kwa vanila, chakula cha mashariki ile ambacho wenyeji hukipika bila sukari hata kidogo, akashangaa jinsi kiungo cha keki kinavyokaa vizuri na nyama na kitunguu.

Njia ya Edmond imefika hadi kwetu. Wakulima wa Komoro wanaitumia tangu karne ya 19. Inatumika Kagera na Kilimanjaro, Mukono na Bundibugyo nchini Uganda, Beni na Ituri huko Kongo, na mtalii wa mashamba ya viungo Unguja huonyeshwa mmea huo akiwa njiani baina ya mdalasini na karafuu. Bei ilipopanda mwaka 2018 hadi kupita dola 500 kwa kilo, wengi walikimbilia kuipanda, na wengi zaidi walikimbilia kuichuma. Hofu ya wezi na pupa ya madalali ilifanya maganda yachumwe yakiwa na miezi sita au saba, yasiyo na harufu, na wanunuzi wa nje wakaanza kuyatilia shaka hata yale mazuri. Uganda imelazimika kutangaza rasmi tarehe za kuvuna ili kuwazuia watu.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wenzetu wenye vanila shambani na kwa wanaoinunua kwao. Nyie wakulima, tieni alama maganda yenu yakiwa machanga, lindeni shamba kwa zamu na majirani, na msichume kabla ncha haijageuka njano. Nanyi madalali, kataeni ganda changa hata likiletwa kwa bei ya kutupa. Ushirika wowote unaoweza kununua mablanketi ya sufu, kipimajoto na masanduku ya mbao unaweza kukausha vanila yake wenyewe, na vijana wa kufundishwa kazi hiyo wapo kila kijiji. Miezi tisa juu ya mmea haipungui kwa sababu ya bei ya soko.